Hukuwa Kiziwi, Baba Watoto

Ni mwaka mzima sasa tangu mashine yako ya kusaga ianze kuwashwa na mkono usio wako. Bado inafanya kazi vizuri. Fundi aliyeichukua ni mwangalifu, ila haizimi saa saba mchana kwa ajili ya taarifa ya habari kama ulivyokuwa ukiizima wewe, na wateja wanasema afadhali. Sisi hatusemi afadhali. Ikifika saa saba tunanyamaza wenyewe, tunasubiri ule ukimya, na mashine inaendelea kunguruma.

Tunakukumbuka ulivyorudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi kope. Wajukuu walikukimbia wakipiga kelele kwamba jini kaja, nawe ukawafukuza huku ukijipigapiga makofi mpaka unga ukajaa sebuleni. "Baba Watoto, nimepiga deki sasa hivi!" mkeo alikugombeza kila siku. Nawe kila siku ulijibu, "Wenzako wanapanga foleni kufuata unga. Wewe umeletewa mpaka ndani, na bado unanuna." Siku hizi sakafu haina unga. Mkeo anaipiga deki vilevile, lakini hana wa kumgombeza.

Tunakumbuka masikio yako. Na hapo tutakaa kidogo, kwa sababu kuna uchafu wa kusafisha.

Wengi wanaosoma gazeti hili walikujua kwa jina la Atapona. Walikuita hivyo sokoni, harusini, hata ulipolazwa. Mwenye bucha wa mtaani kwetu alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akasimama upande wa miguu yako na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wodi nzima, "Atapona, utapona!" Akacheka hadi akashikilia chuma cha kitanda. Wewe ulitabasamu. Mkeo alitoka nje, maana angebaki angemrushia machungwa yake moja baada ya jingine.

Siku ya kukuzika, mtu huyohuyo akaomba kipaza sauti. Akawasimulia waombolezaji habari za siku ile Rais alipouawa. Eti yeye alipopata habari alianguka chini, akamwagiwa maji, hakutia kitu kinywani hadi kesho yake. "Lakini marehemu wetu, jamani!" akasema. "Redio inasema Rais ameuawa, mwenzetu kasikia ameugua! Anatutangazia, 'Atapona, Mungu akipenda!' Mashine ilishamla masikio yote!"

Watu wakacheka. Jeneza lako liko mbele yao, na wanacheka. Binti yako mkubwa alimwinamia mama yake akauliza, "Mama, kweli Baba alikuwa kiziwi?" Mkeo akamwambia, "Nyamaza kwanza." Hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi ya hapo. Sasa anayo.

Siku ile redio ilikuwa ikipiga muziki wa bendi tangu asubuhi, mtangazaji hasemi neno. Kwenye foleni ya mashine watu walinong'ona kwamba kuna jambo. Katika foleni hiyo alikuwepo jirani yetu, mke wa dereva wa Rais, na debe lake la mahindi. Alikuwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, wenzake wakampisha kwenye benchi. Zamu yake ilipofika ulimwaga mahindi, mashine ikasaga kidogo, mara ukaizima.

"Mama, humu mna jiwe. Nimelisikia."

"Jiwe gani, fundi? Nimepeta mwenyewe!"

Ukaingiza mkono, ukachambua, ukatoka na kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi, ukamwekea kiganjani. Akacheka sana. "Wewe fundi una masikio ya popo!" Foleni nzima ilishuhudia. Foleni nzima imesahau, kwa kuwa kusahau kumewafaa.

Saa saba ikafika, ukazima mashine kama kawaida yako. Kawaida yako nyingine tunaijua sisi wa nyumbani: ulitafuta stesheni kwa sauti ya chini, sikio lako limegusa redio, na ulipoipata vizuri ndipo ulipoongeza sauti ili wote wasikie. Mkeo alikuwa ametoka kazini kukuletea chakula, akauona mkono wako ukienda kwenye kitufe. Akadhani unaongeza sauti. Ukazima.

"Vipi, fundi?" watu wakauliza. "Wanasemaje?"

Uliwatazama wote. Kisha ukamtazama yule mama kwenye benchi, ambaye alikuwa bado anachezea kijiwe chake.

"Rais ameugua," ukasema. "Atapona, Mungu akipenda. Tupumzike kidogo, mashine imepata moto."

Ukamvuta mkeo nyuma ya mashine, kama mnaotafuta mkanda wa akiba. "Wameuawa," ulimnong'oneza. "Yeye, mlinzi wake, na dereva. Mtoe huyu mama kwa mlango wa nyuma kabla mtaa haujajua. Mama yake yupo nyumbani, akaambiwe pale. Debe lake nitalipeleka mwenyewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Mimi akinitazama tu atajua."

Mkeo hakukusamehe kwa hilo upesi. Jioni alikwambia ukitaka kusema uongo siku nyingine, uusindikize mwenyewe hadi unakokwenda. Lakini alikwenda. Akamwambia jirani mashine imeharibika, twende zetu, akamshika mkono.

Njiani mke wa dereva alikuwa na furaha. "Lakini asubuhi alikuwa mzima," alisema. "Mume wangu angekuwa amesikia. Labda ni tumbo. Wakubwa nao wanakula ovyo." Akatembea kidogo, akacheka peke yake. "Basi leo mwenzangu atarudi mapema! Bosi akiumwa, gari linalala." Uani kwake mashati mawili meupe ya kazi yalikuwa kwenye kamba. Akayapapasa kuona kama yamekauka. Mkeo alimwacha ayapapase. Ndani, mama yake akiwa amekaa naye na mlango umefungwa, ndipo mkeo alipomwambia. Kilio kile hatukisimulii. Ni chake.

Tunachosimulia ni kile kilichokuwa kikiendelea kwenye mashine, kwa kuwa mkeo alirudi akakikuta, na hadi leo akikikumbuka hutema mate.

Mwenye bucha alikuwa amekuja mbio na aproni yake ya damu, kisu mkononi. "Wamemla! Jamani wamemla!" Alikuwa akicheza. Tunasema akicheza, na tunamaanisha kukata kiuno. Akakaa kwenye benchi alilotoka mke wa dereva, akaigiza kama yuko kwenye usukani, "Vuum, vuum," kisha akalegeza shingo na kutoa ulimi nje. Watu wakashangilia. Wanawake wenye watoto mgongoni walipiga vigelegele. Akaombwa arudie, akarudia, na safari hii akaongeza sauti ya kukoroma. Watoto wa mtaa wakalidaka igizo hilo, na wiki nzima likawa ndio mchezo wao: mmoja anaendesha, wengine wanakufa.

Kisha akakuona. "Na huyu ndiye aliyesema ameugua? Ameuawa, kiziwi wewe! Ameu-a-wa! Haya, fundi, tuambie, atapona?"

"Atapona!" wakaitikia. Jina lako likazaliwa hapo, kwenye kicheko kile, juu ya maiti ambazo hata hazijapoa. Ulichukua brashi ukaanza kufagia unga sakafuni.

Tusemane ukweli. Rais yule hatukumpenda. Kaka yake mkeo aliwekwa ndani kwa maneno aliyoyasema kwenye kikao cha walimu, akatoka si yule. Na wewe ndiye uliyemlalamikia kuliko mtu yeyote kwenye foleni ile, kila saa saba mchana, mpaka wateja wakakuomba uwashe mashine wasije wakakamatwa na wao. Lakini kuna kumchoka mtu, na kuna kukata kiuno anapouawa. Na yule dereva je? Alikuwa anaendesha gari tu. Alikuwa akitupungia mkono akipita, na akija kusagisha alipanga foleni kama sisi.

Jioni lori la askari lilipita mtaani likiuliza nani kafurahi. Lilimkuta mwenye bucha amekwisha kutundika kitambaa cheusi mlangoni. Alikuwa amekikata kwenye sketi ya mkewe, tulimsikia mkewe akilalamika. Yeye alikuwa kaunta analia, kamasi zinadondokea kwenye maini. Wale wale waliopiga vigelegele walikuwa wamejipanga mbele yake, nao wanalia. Na wakayanunua yale maini. Mkeo tangu siku ile hajanunua nyama pale, na mtu akimuuliza sababu husema haiko safi. Wanadhani anazungumzia nzi.

Askari wakafika hadi kwenye mashine. "Nani hapa alitangaza kwamba Rais ni mgonjwa?" Ulisogeza sikio, ukaweka kiganja nyuma yake. "Eee?" Wakarudia kwa kupiga kelele. "Eee? Kilo ngapi?" Wakacheka, wakaondoka. "Kiziwi hawamfungi," ulimwambia mkeo. Kisha ukajitwika debe la mke wa dereva, umelifunika kwa kitambaa safi, ukampelekea.

Tangu hapo hakupanga foleni tena kwako. Ulikuwa ukimwona tu, unapokea debe lake juu ya vichwa vya wenzake. Watu walinung'unika kwamba fundi ni kiziwi na sasa hata foleni haioni. Ulisema "Eee?" wakachoka.

Mkeo alikusihi miaka nenda miaka rudi. Kijana wako alirudi shuleni na shati limechanika kwa sababu ya jina lile. "Waambie basi!" mkeo alisema. "Askari wale wameshastaafu!" Nawe ulikuwa na jibu moja. "Nikiwaambia watamgeukia yeye. Watauliza kwani yeye alikuwa wapi wao wakicheza, njiani alisema nini. Mama yule hana kazi ya kuwajibu. Mimi nimeshazoea."

Watoto wako uliwaficha. Mkeo aliufunga mdomo wake kwa ajili yako, ukaenda kaburini unaitwa hivyo.

Mwezi uliopita alichoka. Alimfuata mke wa dereva nyumbani kwake, akakuta anakunja nguo, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, nina neno la siku ile. La mume wangu."

"Sema."

"Hakusikia vibaya. Alisikia kila kitu."

Mke wa dereva akaendelea kukunja. "Wewe nawe! Mtu aliyesikia jiwe ndani ya debe langu, mashine inanguruma, ndiye asisikie mume wangu akitajwa redioni? Nilijua jioni ileile aliponiletea unga. Alikuwa ameuchekecha mara mbili. Nani amewahi kuletewa unga umechekechwa na mwenye mashine?"

"Mbona hukusema?"

"Yeye hakusema. Nikadhani hapendi."

Basi, Baba Watoto, mlifichana kitu kimoja, na mkeo katikati yenu ndiye aliyebaki na mzigo. Alikasirika kweli. Kisha wakacheka wote wawili, kisha hawakucheka tena.

"Iandike," mke wa dereva akasema. "Nami nitaje, na usifiche kwamba njiani nilicheka. Mume wako alinipa mwendo ule. Mpaka kufika mlangoni nilikuwa bado nina mume, na anarudi mapema. Hao wengine walitaka kunipa nini?"

Hivyo tumeandika. Binti yako ameshajibiwa lile swali aliloliuliza makaburini. Alilia, kisha akaenda kusimama mbele ya bucha na kukodoa macho, hadi mwenye bucha akaingia ndani kujifanya anatafuta shoka.

Nawe mwenye bucha, tunajua gazeti hili linakufikia, kwa sababu ndilo unalofungia nyama. Kabla hujafungia maini, soma ukurasa huu. Hukuanguka, hukumwagiwa maji. Ulicheza. Tulikuwepo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anaweka sahani yako mezani kisha anairudisha kabatini. Binti yako mkubwa, fundi umeme, mwenye masikio yako. Kijana wako mwalimu, ambaye sasa anajua shati lake lilichanika kwa jambo la maana. Wajukuu wako wanaocheza jini kwa unga wa jikoni, na hakuna anayewagombeza. Dada yako mshonaji. Shemeji zako wote. Mke wa dereva. Na binti yake, aliyezaliwa majuma machache baada ya siku ile, ambaye tangu alipojua kusema alikuita Baba.

Jina lile hatutaki kulisikia tena mlangoni kwetu. Ukitajwa nyumbani humu, utatajwa kwa heshima yako, leo na siku zetu zote.

Lala salama, Baba Watoto. Ulisikia vizuri.