Swali la Baba na Swali la Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ihanja tu wazima. Mjomba wako ameshavuna alizeti, na mguu wangu unanisumbua kidogo tu.

Umeniuliza usome historia au sayansi ya siasa. Nimekumbuka tulivyohamishiwa huku barabarani wakati wa vijiji vya ujamaa, nikiwa msichana. Kiongozi alikuja kutueleza habari za shule na zahanati tutakazopata huku. Baba akasimama akauliza, "Nani ameamua, na mbona hatukuulizwa?"

"Amri imetoka juu," akajibu kiongozi.

Mama akasema taratibu, "Hapa tumezika wazazi wetu. Huyo aliyeamua anajua?"

Kiongozi akatusomea tarehe ya kuhama.

Tulihama. Miaka yote baba aliendelea kuuliza mambo ya serikali, na mama alitusimulia ya kule tulikotoka. Akizungumza mmoja peke yake, nilielewa nusu. Wakizungumza wote, nilielewa yaliyotupata.

Chagua unachokipenda, ila kaa karibu na wanaosoma hicho kingine.

Ukija likizo twende kule. Nyumba hazipo, wanalima mtama. Lakini nikisimama pale natamani kusikia mtu akiniita kwa jina langu la utotoni. Waliokuwa wakiniita hivyo wamekwisha.

Bibi yako