Meli ya Nyota ya Ndegwa

Jumatano, 12 Februari

Nimefunga skurubu thelathini na moja leo. Moja imeanguka chini ya kiti. Nimeitafuta na sumaku kutoka saa nne mpaka saa ya chakula. Nimeipata. Ndogo kama chawa. Bado sijazoea. Mtu mzima aliketi mahali akatengeneza skurubu kama chawa, akaifunga kwa karatasi, ikavuka bahari ikanifikia mimi hapa Kieni, nje kidogo ya Chaka. Inashtua.

Boksi ya kumi na moja imeisha. Zote ni kumi na nne, moja kila mwezi. Ati ni mfano wa meli ya kuenda kwa nyota, ya sinema fulani. Sinema sijaona. Meli yenyewe imefika urefu wa mkono wangu na nusu ya mwingine. Imejaza meza ya wageni. Mke wangu Nyaguthii anakula sahani ikiwa juu ya magoti.

Kitabu ya maelezo ni ya Kizungu. Siihitaji. Naangalia picha. Nimeezeka makanisa saba na shule sijui ngapi, na hakuna mtu alinisomea kitabu. Ndani ya hii meli kuko na rafta, kama zile mbao za kubeba mabati, sawasawa na paa. Aliyeichora alikuwa fundi.

Kijana yangu Muriithi anajua mimi ni nani. Ndio maana ananitumia.

Ijumaa, 14 Februari

Kipande ya bawa imefika na ufa. Plastiki. Nimechonga ingine na mbao ya mtarakwa, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijivu. Hata mimi nimeshindwa kujua gani ni gani. Walioitengeneza waje Kieni wajifunze kazi.

Jumapili, 2 Machi

Watu wa kanisa wamepitia kuona meli. Waliingia wakiongea, wakanyamaza wote. Nimefurahi sana.

Jirani yangu Kariuki wa kabichi ndiye hajui kunyamaza. "Mzee, hii ikiruka utatuachia shamba?" Nikamwambia nikiruka nitazunguka juu ya shamba yake nikimwangushia kabichi zake kwa kichwa. Wamecheka. Akauliza ni nani ananitumia. Nikasema kwa sauti: kijana yangu Muriithi, wa Kerugoya. Nyaguthii akainuka akasema anaenda kuangalia chai. Chai ilikuwa kwa meza.

Niandike tu, hakuna mtu anasoma hii kitabu. Mimi na Muriithi hatujaongea miaka sita. Alijenga nyumba Kerugoya akaita fundi mwingine aezeke. Mimi babake niko hai na nyundo iko kwa mfuko! Siku ya kuombea nyumba niliangalia juu nikasema mbele ya wageni, hii paa itaanguka kabla ya mvua mbili. Nikakataa kula. Nikaondoka.

Haijaanguka. Hiyo pia niandike.

Halafu mwaka jana boksi ya kwanza ikakuja. Ofisi ya mizigo ya Chaka walituma mtu wa boda aniambie niko na mzigo. Kwa karatasi ya juu: NDEGWA. Hiyo ni mimi. Kando yake: MURIITHI. Hiyo ni yeye. Barua hakuna. Sikungoja barua. Akiwa mdogo alichora hizi meli na makaa kwa ukuta wa choo, nikamchapa. Sasa ananitumia ile kitu nilimchapia. Huyo mtoto hajui kuomba msamaha na mdomo. Amenifuata mimi. Ameomba na boksi.

Nimekubali. Boksi ya mwisho ataileta mwenyewe. Najua.

Jumanne, 11 Machi

Boksi ya kumi na mbili. Ni nyaya za taa.

Nimeona picha nikabaki mdomo wazi. Waya inatakiwa kupita ndani ya rafta za upande wa kushoto. Hizo rafta nilizigandisha na gundi ya mbao tangu Novemba. Skurubu peke yake mimi siamini. Paa zangu hazilii kwa upepo. Sasa hizo rafta hazifunguki. Labda kitabu ilisema nisigandishe.

Nimepitisha waya nje nikafunika na kipande. Haionekani. Sijaambia mtu.

Alhamisi, 10 Aprili

Ya kumi na tatu imeisha. Imebaki pua ya meli na swichi ya kuwasha taa. Nimekataza Nyaguthii kuchinja jogoo mwekundu. Huyo ni wa Muriithi.

"Na asipokuja, Baba Muriithi?"

Atakuja.

Jumatatu, 12 Mei

Boksi haijakuja. Hii ni mara ya kwanza. Barabara ya kuingia kwetu nimeitazama siku mbili. Kila gari nasimama, halafu najifanya naangalia ua.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimeenda Chaka, nimevaa kofia ya kanisa. Msichana wa ofisi ya mizigo huita wazee wote guka, yaani babu. Akaangalia kompyuta. "Guka, hiyo ilichukuliwa juzi."

Na nani?

"Na mwenyewe."

Nikapiga meza. Mwenyewe ni mimi! Hapa kuna Ndegwa mmoja! Watu wote wakageuka. Msichana akasema polepole, kama mtu anaongea na ng'ombe mkali. "Guka, alikuja na kitambulisho. Ndegwa Muriithi. Kijana mrefu, ametoka Kerugoya. Alisema amelipia mizigo mwaka mzima na kila akiuliza anaambiwa ilichukuliwa. Akataka kuona sahihi ni ya nani. Wewe hatukukuuliza kitambulisho, guka. Ulituambia kila mtu anakujua."

Sahihi ni yangu. Ile D ya Ndegwa, kubwa na mkia mrefu. Nimeringa na hiyo D miaka mingi.

Nilikaa kwa gunia ya viazi ya mtu mwenye simjui.

Ndegwa Muriithi. Ndegwa wa Muriithi! Mtoto wa kwanza wa kijana yangu, akapewa jina langu vile inatakiwa. Mimi ni Ndegwa Gichuki, babangu alikuwa Gichuki. Mtoto yeyote wa kwetu angesoma hiyo karatasi sawa. Mimi nilisoma jina langu, nikasoma ya kijana yangu, nikaweka njia katikati: imetoka kwa huyu, inaenda kwa huyu. Hiyo njia haikuandikwa. Niliitengeneza mwenyewe.

Msichana hakumaliza hapo. Ati huyo kijana alifanya kazi hapa Chaka miezi nne mwaka jana, kwa duka ya dawa za mifugo, ng'ambo ya barabara. Ndipo alianza kuagiza meli. Akarudi Kerugoya kabla ya boksi ya kwanza, laini ya simu ikapotea, mizigo ikawa inakuja Chaka, na ofisi wakaniita mimi.

Miezi nne. Ng'ambo ya barabara. Hajafika kwangu hata siku moja. Alikuwa pale siku nilikataa chakula cha babake.

Na mimi nilinunua dawa ya kupe kwa hiyo duka. Kijana mrefu ndiye aliniuzia. Nilimwambia aharakishe.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Nimetoa boksi zote chini ya kitanda. Kumi na tatu. Nimezisoma na kidole moja moja, labda msichana amekosea. Zote zinasema vile alisema.

Muriithi hajanitumia kitu. Hakuna mtu ameomba msamaha. Mimi nimeiba. Mzee wa kanisa nimeibia mjukuu mwaka mzima, nikaonyesha watu baada ya ibada, na nikaweka gundi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia Nyaguthii yote. Nilijua atacheka. Amelia.

Halafu akasema kitu sikutarajia kusikia nikiwa hai. Ni yeye alikataza Muriithi kuniita kwa ile paa. "Ulikuwa umeanguka kutoka juu ya ile shule, ukaniambia ni ng'ombe amekupiga teke. Ng'ombe gani anapiga mtu teke mgongoni, Baba Muriithi? Nilimwambia Muriithi, ukimpandisha babako juu tena, usiniite mama. Akaniahidi hatakuambia. Ulivyomtukana mbele ya watu alinyamaza kwa sababu yangu."

Miaka sita. Amenipikia na hiyo maneno ndani yake miaka sita.

Nimetafuta hasira. Sikuipata. Hiyo pia imenishtua. Hasira sijawahi kukosa.

Kweli nilianguka. Niandike.

Jumapili, 18 Mei

Sikuenda kanisa. Nimeketi na meli. Bila pua inafanana na ng'ombe amekatwa kichwa. Mwili iko kwangu. Pua iko Kerugoya.

Jumanne, 20 Mei

Nimepiga simu. Nyaguthii alibonyeza, mimi nikashika. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi.

Muriithi akasema, "Mama?"

Nikasema ni mimi.

Nilisikia kuku wake. Halafu akauliza na sauti ndogo, "Baba, ni nani amekufa?"

Maneno yote yakapotea. Nikasema hakuna mtu amekufa, niko na meli ya mtoto wako.

Hakuelewa. Nikaeleza yote kutoka mwanzo, ofisi, karatasi, sahihi. Hata gundi nimesema. Hata vile nilidhani ni yeye ananiomba msamaha nimesema, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko gundi. Halafu nikasikia kama mtu anakohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka vile alikuwa anacheka akiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimesahau.

Akaita mtu nje. "Baba! Kuja haraka, mwizi wako amepatikana!"

Nilidhani ameniita mimi. Hapana. Ni mtoto. Anamwita Baba kwa sababu ya jina, vile watu wetu hufanya. Kila siku asubuhi na jioni. Miaka sita nikisema huyo kijana amenisahau, na kila siku huko Kerugoya alikuwa akiniita.

Nimerudishia Nyaguthii simu. Nimeenda nje kuangalia ua.

Jumamosi, 24 Mei, Kerugoya

Nimebeba hii kitabu. Naandikia kwa kiti cha wageni.

Tumekuja na pikapu ya Kariuki. Meli juu ya kabichi, imefungwa na blanketi nzuri ya Nyaguthii. Jogoo ndani ya kikapu. Kariuki alinyamaza mpaka Karatina. Halafu akasema, "Mzee, imeruka." Nimemwachia hiyo.

Kijana ni mrefu kuniliko. Ana masikio yangu. Nikamuuliza kama ni yeye aliniuzia dawa ya kupe. Akasema ndio. Alinijua? Akasema, "Nilikujua ukivuka barabara, guka. Nilikuongezea chupa ndogo, hukuona?" Niliona. Nilidhani duka imekosea, nikanyamaza nayo.

Ameweka pua yeye mwenyewe. Mikono yake haina haraka. Akabonyeza swichi. Upande wa kulia umewaka wote, taa ndogo ndogo kama mji wa Nyeri ukiutazama kutoka mbali. Upande wa kushoto giza. Nikasema hiyo ni kazi ya gundi yangu. Akasema watu watadhani imetoka vitani. Akagusa lile bawa la mtarakwa, akainama akalinusa. Nikamwambia anaweza kuitisha ingine ya plastiki. Akasema hapana.

Mvua imeanza tukila. Kubwa. Hii nyumba haina dari, mtu anaona mbao mpaka juu. Kwa koti niko na pima maji, ile ya kupima kama mbao imelala sawa. Niliiweka asubuhi bila kufikiria, kama vile mtu anachukua kofia. Niliangalia juu. Nikaangalia rafta moja moja kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Muriithi alishika kikombe hakunywa.

Mabati yalipiga kelele ya mvua tu. Tone hata moja hakuna. Pima maji imebaki kwa koti.

Nilimaliza sahani. Nikasema iko sawa.

Hakuna mtu aliuliza ni nini iko sawa. Muriithi aliinuka akasema anaenda kuangalia chai.

Chai ilikuwa kwa meza.