Kengele Zilizofungwa Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkuu wa shirika amekuja mwenyewe ofisini kwetu. Hakukaa. Amesema Ijumaa ataamua: ama kitengo chetu cha kuangalia mitambo kinabaki, ama kazi inapewa kampuni ya nje na sisi tunakwenda na maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wiki iliyopita mfumo wa kuita ambulensi uliganda asubuhi nzima, na sisi tumekaa tunapiga soga. Kengele zetu, zile zinazotupigia simu mtambo ukiharibika, hazikulia hata moja!

Mume wangu ndiye dereva wa ambulensi. Alikuwa garini, anasubiri wito usiokuja. Jioni alinitania kwamba alidhani mji mzima umepona. Nilicheka, mpaka aliponiambia kuna bibi alilala sakafuni hadi jirani alipomtafutia gari. Mzima, ashukuriwe Mungu. Ila sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kocha (ndiye mkubwa wa kitengo, tunamwita hivyo kwa vile hutusemesha kama timu iliyofungwa) akaanza kuomba muda. Mimi nikaropoka: Ijumaa nitakuwa najua kwa nini hazikulia. Ulimi wangu huu!

Jumanne, 4 Machi

Kengele zetu zinaishi kwenye seva za mbali tunazokodi kwa mtandao, huko kunakoitwa mawinguni. Miaka yote tumezitazama moja moja, bofya, subiri, bofya. Leo nimegoma kubofya. Nimeandika programu fupi ya kuzungumza na huduma yenyewe kupitia API, mlango ambao programu hupitia kuongea na programu nyingine: mimi nauliza, yenyewe inajibu.

Swali la leo: nionyeshe kengele zote zilizofungwa mdomo. Yaani zile zinazoona hatari na kugeuka nyekundu, ila zimekatazwa kumpigia mtu simu. Jibu — chache tu, za mashine tulizokwisha kuzistaafisha! Nikainuka nikamtangazia Kocha kwamba tuko salama. Akanipa mkono wa nguvu.

Nimeimba jikoni. Mama mkwe ameuliza kama nimepandishwa cheo. Bado, mama, bado kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Natamani ardhi ipasuke. API haimwagi jibu lote kwa mpigo. Inatoa ukurasa mmoja, na chini yake alama ya kuombea ukurasa unaofuata. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza nikaanza kuimba!

Leo nimeomba kurasa zote. Zikaja, zikaja, zikaja. Karibu nusu ya kengele zetu zimefungwa mdomo. Ya ambulensi imo.

Halafu, sina haya, nimefurahi. Nimeipata! Sasa kilichobaki ni kujua nani amezifunga.

Alhamisi, 6 Machi

API ina historia pia. Unaitajia kengele, inakueleza nani aliigusa na lini. Nimeuliza. Nilitarajia mdukuzi, au mtu aliyeacha kazi kwa hasira. Wapi! Ni sisi. Majina yetu sote, na langu limo.

Ni ile sheria ya chai. Kocha aliitunga zamani kwa mzaha: kengele yako ikilia bure, unawanunulia wote chai. Tumeichekea sana sheria ile. Kumbe kila aliyenunua chai alirudi mezani kwake akaifunga kengele yake mdomo, kimya kimya, isimwaibishe tena. Na ya ambulensi aliifunga Kocha mwenyewe.

Nimemwambia kwenye korido, peke yetu. Nilidhani atanikaripia. Akavua miwani, akaifuta.

"Dada, andika hivyo hivyo kwenye ripoti. Usinifiche."

Nampenda mzee huyu! Sheria imekufa leo hii. Mchana tumekaa naye tukarekebisha viwango vya kengele zilizokuwa zikilia ovyo, kisha nikatuma agizo, na zote zikafunguliwa mdomo. Zote! Na programu yangu sasa itamtaja mbele ya watu yeyote atakayeifunga moja.

Nyumbani mume wangu amenisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo yule bibi alilala chini kwa sababu ya chai?" Nimesema ndiyo. Akasema kesho niende nikawaeleze bila kupepesa.

Ijumaa, 7 Machi

TUMEBAKI! Naandika hapa hapa mezani. Wenzangu wanapiga makofi huko mbele, Mkuu katikati yao.

Nilieleza yote, kurasa, historia, chai. Kocha alisimama akasema kosa ni lake kabla sijafika kwenye jina lake. Mkuu akauliza swali moja tu: atajuaje kwamba leo zitalia? Nikamwambia achague kengele anayotaka. Akachagua ya ambulensi, bila shaka. API inaruhusu kuilazimisha kengele kuwa nyekundu kwa majaribio. Nikailazimisha. Simu zote chumbani zikalia pamoja, na yake mkobani ikalia! Akacheka mpaka akashika meza. Kampuni ya nje ikatafute kwingine, amesema.

Mimi! Niliyeimba kwa ukurasa mmoja!

Naitazama tena kwenye skrini, kengele yangu nzuri. Bado nyekundu.

Si kawaida. Rangi ya kulazimisha haidumu. Kengele ikipima tena na kukuta mambo ni shwari, inarudi kijani yenyewe, dakika moja au mbili. Makofi yamedumu zaidi ya hapo.

Nimeiuliza API sababu. Nilipoilazimisha niliandika "jaribio". Sasa kuna maneno mengine, si yangu, kengele imepima na kuyaandika yenyewe: miito ya ambulensi haipokelewi.

Simu hazitalia tena. Zinalia pale rangi inapobadilika, na hii ilishakuwa nyekundu kwa mkono wangu. Wote humu wanajua ni mchezo wangu.

Kengele inafanya kazi. Mungu wangu, inafanya kazi kweli.

Nimesimama. Nimesema kwa sauti kwamba nyekundu hii siyo jaribio langu tena, mfumo umeganda kweli. Wamegeuka wote. Mkuu bado anatabasamu.