Somo Chini ya Turubai Jekundu

Jumanne, 7 Novemba 2023
Mwalimu Peng amekuja tena jikoni kwangu. Anafundisha historia sekondari. Anataka niwasimulie wanafunzi wake tulivyoishi sisi, wanawake tunaopenda wanawake, enzi zile polisi wakivamia baa na kutuuliza suruali za kiume tumevalia nini. Nikamwambia mimi mpishi wa karamu za barabarani, sijui kufundisha. "Shangazi," akasema, "vitabuni hamna hata mstari. Mkishaondoka nyinyi, nitafundisha nini?" Ana mdomo huyu! Nimekubali. Ila nimemkanya: shangazi ni wa kwao. Mimi wenzangu wote wananiita Kaka Tsuan.

Shida ni Bi-hoa. Miaka arobaini tunalala kitanda kimoja, na kwa majirani bado ni "binamu yangu". Sheria imeturuhusu kuoana miaka minne sasa – hataki hata kuisikia. Nimemwambia jina lake sitalitaja mpaka aniruhusu. Akaendelea kukata tangawizi. Simulia ya kwako, akasema.

Ya kwangu ipi isiyo na yeye?

Alhamisi, 9 Novemba
Nimefanya mazoezi mbele ya friji. Nimeanza na karamu yetu ya mwaka themanini na nne. Watu tuliwaambia ni siku ya kuzaliwa ya mama. Mama alijua. Akamwekea Bi-hoa paja la kuku kwenye bakuli lake, kama mkwe. Harusi yetu ndiyo hiyo.

Sasa isimulie bila jina! "Mtu fulani alivaa gauni. Mtu fulani alilia." Upuuzi mtupu. Hata friji ilinionea huruma.

Jumatatu, 13 Novemba
Somo limefutwa.

Mwenyekiti wa mtaa, huyu Tiong, amekwenda shuleni na wazazi kadhaa. Eti watoto watachanganyikiwa. Mkuu wa shule akaingiwa na baridi, akamwambia Mwalimu Peng asubiri hali itulie. Itulie! Nimezeeka nikisubiri itulie!

Tiong huyuhuyu nimempikia harusi za watoto wake wote. Alikula kamba wangu mpaka akalegeza mkanda. Leo mdomo wangu utawaharibu watoto? Nimelia kwa hasira, na sioni haya kuandika hivyo.

Bi-hoa akasema afadhali, tuishi zetu kimya. Nikamjibu vibaya – tumeishi kimya, tumepata nini? Akaenda kulala bila kula.

Jumatano, 15 Novemba
Shule wana ukumbi. Mimi nina turubai.

Jumamosi nafunga uchochoro wetu kama ninavyoufunga kwa karamu yoyote. Turubai jekundu kama la harusi, meza za duara, sufuria zangu kubwa. Somo litakuwa kati ya sahani na sahani. Atakayekuja atakuja na wazazi wake, kwa hiari yao. Mwalimu Peng nusura anibebe kwa furaha! Kituoni kijana wa polisi akaniuliza, harusi? Karamu, nikasema. Uongo uko wapi? Kibali ninacho.

Picha za zamani tutazitundika kwenye kamba. Bi-hoa akauliza picha zipi. Zile usizokuwemo, nikamwambia. Akakodolea macho televisheni. Ilikuwa imezimwa.

Jumamosi, 18 Novemba, mchana
Naandika nyuma ya sufuria.

Wamejaa! Wanafunzi, mama zao, hata bibi mmoja na mkongojo. Nimesimulia baa, nimesimulia polisi, watoto wamesahau kutafuna. Nikafika kwenye karamu yetu. "Mtu fulani," nikasema. Bi-hoa alikuwa meza ya mwisho, pembeni, kichwa chini. Nikasingizia wali wa kaa unaungua, nikakimbilia huku. Mimi! Niliyewatunishia polisi kifua!

Hapo ndipo akaingia Tiong.

Msimu wa kampeni huu, na wanasiasa wetu wakiona turubai jekundu hawaulizi la nani. Wanaingia, wanashika mikono, wanainua glasi, wanakwenda turubai lingine. Kaingia na kizibao chake cha chama, meno yote nje. Kapokonya kipaza sauti. Anawatakia maharusi mapenzi mpaka nywele ziwe nyeupe! Picha ziko nyuma ya kisogo chake, hajageuka. Watoto wameziba midomo. Mwalimu Peng amekuwa mwekundu kama turubai.

"Na bibi harusi wetu yuko wapi?" kauliza. "Asione haya, asimame tumuone!"

Nasikia mchuzi unavyotokota.

Kiti kimesogea. Nimechungulia. Bi-hoa amesimama. Bi-hoa wangu! Mikono ameibana tumboni, uso juu.

"Ni mimi," kasema. "Naitwa Bi-hoa. Tangu mwaka themanini na nne."

Tiong anacheka, anadhani ni utani. Sasa hacheki. Sasa amegeuka, anatazama picha. Mama mmoja kaanza kupiga makofi, kaacha. Mwingine anamvuta mwanawe mkono waondoke, mtoto kashikilia meza. Na Tiong bado ana kipaza sauti, pumzi zake zinasikika.

"Na... bwana harusi?" kauliza, polepole.

Bi-hoa amegeukia huku jikoni, na vichwa vyote vimemfuata.

Aproni yangu mafuta matupu. Naenda hivihivi.