Seva ya Pili Kasokola

Mpanda mjini,
3 Oktoba 2024

Shangazi Matilda,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na miguu imepunguza kuuma. Huku nyumbani Nsemulwa tu wazima. Baba ana mafua, anayalalamikia kama mtu aliyepasuliwa.

Nimemtuma Nyanda wa bodaboda kwa sababu simu yako haishiki mchana. Kesho gari la ushirika litaleta mashine ofisini kwako. Ni seva ya pili. Kila tunachoandika hapa makao makuu, majina ya wakulima na mbegu na mbolea ya kila mmoja, kitajinakili huko. Hapa kukiungua, tunaendelea na kazi kutokea tawini kwako. Naomba isizimwe, na feni ya ofisini uielekeze kwake, isipate joto. Meneja, Mzee Deusdedit, hakuitaka. Amesema isipoonyesha faida, mkataba wangu utaisha na mwaka.

Mwanao,
Fausta

Kasokola,
15 Oktoba 2024

Mwanangu Fausta,

Marahaba. Miguu imenifikisha kanisani, sina neno. Kaka Gervas achemshe mchaichai, aache kudeka.

Mgeni wako amefika. Nimempa chumba cha magunia. Anavuma kutwa nzima na kazi yake siioni. Feni umesema iwe yake, basi mimi najipepea kwa faili. Juzi mkulima mmoja kaja na debe la mahindi, akidhani tumeanza kusaga.

Jumapili nilimzima. Hata ng'ombe wa kulima hupumzika.

Shangazi yako,
Matilda

Mpanda mjini,
17 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba amepona, ni mchaichai au ni aibu, sijui.

Nakuomba kwa heshima zote, usimpumzishe. Akizimwa, tunachoandika hakifiki huko. Na Nyanda anasema umemwegemezea gunia la karanga.

Mwanao,
Fausta

Kasokola,
20 Oktoba 2024

Fausta,

Marahaba. Gunia nimeliondoa. Hazimwi tena. Nimechoka kugombezwa na mtoto niliyembeba mgongoni.

Shangazi

Mpanda mjini,
19 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo nisamehe, sina nafasi ya kuuliza hali. Mvua ya jana jioni imeng'oa paa la ofisi. Maji yameingia kwenye seva yetu, imekufa. Mtandao umekatika, siwezi kuona ya kwako ikoje. Wakulima wamejaa uani, mvua za kupandia ndizo hizi, na hakuna anayejua nani alipangiwa nini. Mzee Deusdedit ameuliza jambo moja tu, nami nakuuliza wewe: inawaka?

Nyanda anasubiri jibu.

Fausta

Kasokola,
siku hiyohiyo

Inawaka. Njooni. Nimeshabandika maharage.

Shangazi

Kasokola,
14 Desemba 2024

Mwanangu Fausta,

Hujambo? Unaendeleaje na mafundi wa paa? Huku tumshukuru Mungu, kila mkulima amepata mbegu yake, na kule Kakese mahindi yameshachomoza.

Ila ofisi ya watu wawili sasa ina watu wanane. Mhasibu kachukua meza yangu, mimi naandikia dirishani. Mzee Deusdedit anasema mboga yangu ina chumvi nyingi, kisha anaomba aongezewe. Ni kweli mkewe alifariki zamani? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Matilda

Mpanda mjini,
10 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Paa limekwisha, seva mpya inafanya kazi na inajinakili huko kwako. Mkataba wangu umeongezwa, nimelia kidogo.

Wote wamerudi isipokuwa Meneja. Nilipompigia alisema anailinda nakala yeye mwenyewe. Shangazi, nakala hailindwi na mtu. Mwambie arudi, kuna karatasi za kusaini.

Mwanao,
Fausta

Mpanda mjini,
2 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Umenyamaza mpaka nikadhani unaumwa. Leo nimeelewa. Wameingia washenga wawili hapa nyumbani, wametumwa na Mzee Deusdedit. Baba kaniita jikoni, kaniuliza, "Huyu bosi wako ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia ni mtu wa kukataa kwanza, halafu akishakubali hang'oki.

Baba anataka kukusikia wewe kabla hajawajibu. Unamtaka?

Mwanao,
Fausta

Kasokola,
3 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi.

Ndiyo. Lakini mwambie kaka asiwajibu upesi, wasije wakadhani nilikuwa nasubiri.

Shangazi yako,
Matilda