Chupa Iliyongoja Samaki

Marahaba, Neema wangu. Huku Kanazi migomba imezaa, na goti la babu yako limetulia. Swali lako la tangi la samaki limenirudisha kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata yeye.

Unasema mimea uliyopanda inaoza majani, unataka kuing'oa. Usiing'oe. Vita ya Kagera ilipoanza nilikuwa msichana wa shule, naona haya hata kuitikia jina langu. Kaka yangu Damiani, kabla ya kwenda jeshini, alitandaza changarawe kwenye chupa kubwa ya kioo, akapanda mimea ya majini kutoka bondeni. Asubuhi ya kuondoka alinikuta nikiivuta.

"We binti, mizizi haikaguliwi! Majani ya zamani yataoza, mapya yatatoka humo humo. Samaki tutatia nikirudi."

Kweli yakaoza, mapya yakatoka. Tuliposikia askari wanarudi, nilivua samaki wawili wadogo nikawatia, ili aje awakute. Lori likasimama. Akashuka rafiki yake peke yake, ameshika mfuko wa Damiani. Ndiye babu yako. Niliwachota wale samaki kwa kikombe nikawarudisha bondeni, huyo rafiki asijue nilikuwa nimejiandaa kumpokea kaka. Tangu hapo hatujamtaja Damiani sisi wawili.

Nawe ngoja mizizi ishike kwanza, ndipo utie samaki.

Nasikia hatua za babu yako zinakuja mlangoni. Muda wote nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa khanga. Sasa naiacha wazi mezani, asome.