Papa na Yale Marobota Sita ya Majani

Mpendwa Papa,

Nina jambo la kukiri, na nimengoja mpaka umezikwa kwa sababu nakufahamu.

Unakumbuka mwaka wetu wa pili hapa Norsborg kwa Waswidi, ulivyokuwa ukishinda dirishani ukilalamika kwamba nchi nzima haina ng'ombe? Mtu aliyechunga milimani juu ya Uvira tangu utotoni, sasa anatazama magari. Mama alisema ukiendelea hivyo utaanza kuyapa majina. Ndipo ofisi ya kazi ikakupatia majaribio ya mwezi mmoja kwenye shamba la maziwa, basi moja tu kutoka nyumbani. Siku ya kwanza ulioga mara mbili. Nilijua kabisa kwamba ukiikosa kazi ile, utarudi dirishani na hutainuka tena.

Siku ya nne nikapigiwa simu nije kutafsiri. Nikakukuta kando ya marobota ya majani, yale makubwa yaliyozungushiwa plastiki nyeupe, umeshika kisu na kifua mbele. Sita ulikuwa umeshayapasua. Mwenye shamba, mzee wa Kiswidi, alikuwa amejishika kichwa.

"Wee mama," ukaniita, kwa kuwa nina jina la mama yako, "umuambie huyu muzungu majani yake ilikuwa inaoza. Harufu kali! Nimeifungulia ipate hewa. Anishukuru."

Mzee akanieleza kwamba majani yale hufungwa yakiwa na unyevu, makusudi, yachachuke bila hewa, ili ng'ombe wale majira yote ya baridi. Uchachu ndio uzuri wake. Sasa yale sita ilibidi yaliwe upesi kabla hayajaharibika. Kisha akaniuliza, baba yako anasemaje?

Papa, wewe hukuwahi kumwomba mtu radhi. Ulipomkanyaga mama mguu, ulimuuliza kwa nini ameuweka pale. Nikamwomba radhi kwa niaba yako, kwa Kiswidi: "Anasema *förlåt*. Anaona haya sana."

"*Förlåt* ni nini?" ukadakia.

"Ni majani, Papa."

Na wewe, uliyelala katika kila darasa la Kiswidi, neno hilo ukalishika. Kesho yake ukamwonyesha mzee malisho yake yote: "*Förlåt! Förlåt* mingi!" Ukanusa robota, ukatikisa kichwa: "*Förlåt*." Asubuhi na jioni. Mzee wa watu akalainika. Mwezi ulipokwisha akakuajiri, ukakaa naye miaka minne, na ole wake aliyegusa plastiki mbele yako. Ulipokuja kulisikia neno lao halisi la majani, ulisema kumbe Waswidi wanayo mawili.

Wiki iliyopita kanisani, siku ya kukuzika, mbele ya Wakongo wote wa Norsborg, yule mzee wa shamba alisimama huku analia. Akasema hajapata kuona mtu mnyenyekevu kama wewe, uliyemwomba msamaha kila siku ya Mungu. Watu wote wakanigeukia niwatafsirie: mama, wajomba, hata yule mchungaji uliyenuniana naye miaka mitatu. Nimekukumbuka mno, Papa, na nisingeweza kukuaibisha mbele yao.

Nikasema, "Anasema Papa alipenda sana majani."

Kanisa zima likaitikia amina.

Pumzika, Papa. Huna deni la radhi kwa mtu yeyote.

Binti yako, na mkalimani wako